Mkwe Yuko Juu ya Mwagachumvi

Jina la Nusu hakuzaliwa nalo. Alipozaliwa aliitwa Idrisa, akachinjiwa mbuzi, watu wakala, wakamwombea dua, wakaenda zao. Nusu alikuja kupewa ukubwani, keshaoa, keshafuga na ndevu, na aliyempa ni Bi Mwanakombo, bibi yake Riziki mkewe. Angekuwa ni mama mkwe, pangekuwa na heshima. Mama mkwe na mkwe hawataniani, hata macho hawakutanishi. Lakini bibi wa mke hana mpaka. Anakuita mume wangu mbele ya mkeo, anakuvuta ndevu, anaondoka na kichwa cha samaki kutoka sahani yako, na huna pa kumshtaki, maana kila utakayemwendea atacheka kwanza.

Na tuseme kweli, Idrisa jina hilo alilitafuta mwenyewe. Alianza kujenga nyumba kule Chuno, ikafika kwenye lenta, ikasimama hapo mpaka mbayuwayu wakajenga zao na kuzimaliza. Alijenga banda la kuku, zuri, lenye mlango wa bawaba na sehemu ya kutagia, kuku hakununua. Pale bandarini alikuwa dereva wa foklifti, kazi anaijua, akaamua kusomea leseni ya malori makubwa. Alikwenda vizuri mpaka siku ya kufundishwa kurudi nyuma na tela, siku ya pili yake hakuonekana. Kilichomwaga mboga ni harusi ya shemeji yake, kijijini kwa kina Riziki. Alisimama kutoa nasaha kwa maharusi, akasema, "Ndoa ina mambo mawili," akalitaja la kwanza, akaketi.

Watu wakasubiri. Bi Mwanakombo akauliza kutoka mkekani, "Na la pili, mume wangu?"

"La pili watalijua wenyewe, bibi."

"Jamani," akasema yule bibi, "mimi nimeolewa na nusu mtu."

Basi. Toka siku hiyo ni Nusu. Jina likatoka kijijini, likapanda basi mpaka Mtwara mjini, likaingia Rahaleo nyumbani kwake, likafika bandarini kabla yake. "Nusu, lete foko huku." Yeye anacheka na kuleta. Ni utani, na mtu akikasirikia utani ndiyo ameuzidisha.

Siku aliyoacha kucheka ni jioni moja walipokuwa wakila ugali wa muhogo na kisamvu. Somoe, mtoto wao wa darasa la pili, alikuwa akibandua gaga la kidonda gotini, akauliza kama anayeuliza habari ya mvua, "Baba, kwani ubini wetu ni Nusu?"

"Nani kakwambia?"

"Mwalimu aliita Somoe, wenzangu wakamalizia Nusu. Mwalimu akacheka, akaniita hivyohivyo. Nikaitika."

Idrisa aliweka tonge chini. Alinawa mikono, akasimama, akafika mlangoni, kisha akageuka kutazama sahani yake. Ilikuwa imebaki nusu. Akarudi, akaketi, akaila mpaka akalamba vidole. Riziki alimtazama, akauma ncha ya kanga ili asicheke.

Wiki ile ndipo Fredi alipokuja na habari za mbio. Fredi alikuwa karani wa wakala wa forodha, mtu wa Tukuyu, mrefu, msafi wa viatu, na kila kilima cha Mtwara alikidharau kwa sababu ya vilima vya kwao. Mbio zilikuwa za kuchangia wodi ya wazazi, mwezi wa nane, upande wa Mnazi Bay kushuka kuelekea mdomo wa Ruvuma. Marathoni nzima haikuwapo. Kulikuwa na za watoto, na nusu marathoni, kilomita ishirini na moja.

Riziki aliwapigia simu kwao kuwapa habari, na Bi Mwanakombo akaomba simu.

"Mume wangu, nasikia unakwenda kukimbia. Nusu anakimbia nusu?"

"Ndiyo, bibi."

"Na kuimaliza ni kazi ya nani?"

"Yangu."

Bibi akasema, na safari hii sauti haikuwa na kicheko, "Sikiliza. Ukiimaliza hiyo kwa miguu yako, bila kupakiwa kwenye gari, mimi niliyekupa jina nitalivua mbele za watu. Atakayekuita Nusu baada ya hapo atanikuta mimi. Lakini ukipakiwa, mume wangu, mtoto wako wa pili tutamwita Robo."

Ikawa hivyo. Msimu wa korosho ulikuwa bado, bandarini kazi ndogo, kwa hiyo kila alfajiri Idrisa alitoka Rahaleo, akashuka Shangani kwenye upepo wa bahari, akarudi. Mwanzo alitembea zaidi ya kukimbia. Baadaye akakimbia zaidi ya kutembea. Kufikia mwezi wa saba alikuwa anarudi nyumbani anaimba, amejiona swala. Neno moja tu hakulifikiria: kutoka Rahaleo mpaka Shangani ni tambarare kama ungo. Foklifti yenyewe ikipelekwa huko inakwenda bila kukanyagwa mafuta.

Siku ya kuchukua namba wakaonyeshwa njia imechorwa kwenye bango. Mnaanzia uwanja wa mpira karibu na pwani, mnaingia bara, vilima vitatu, kisha mnashuka kupitia majaruba ya chumvi na kurudi palepale uwanjani. Fredi akaweka kidole kwenye kile kilima cha tatu. "Hiki kinaitwaje?"

Idrisa alikuwa amekwisha kukiona. Jasho lilimtoka na hajakimbia hata hatua. "Mwagachumvi," akasema.

Kilima kile kiliitwa hivyo kwa sababu ya bibi zetu waliokuwa wakitoka na chumvi kule chini majarubani kuipeleka bara. Walipofika katikati ya mwinamo, shingo zikikataa, walimwaga chumvi kidogo kupunguza mzigo. Lakini si chumvi iliyomtoa Idrisa jasho. Juu ya Mwagachumvi, barabara ikipita katikati yake, ndipo kilipo kijiji cha kina Riziki. Ukweni. Na bukta aliyopewa pamoja na namba ilikuwa inaishia mbali na goti.

"Kwa hiyo?" Fredi akauliza.

"Fredi, mama mkwe wangu yuko pale."

"Si vizuri? Atakushangilia."

Idrisa alimtazama kwa huruma. Mtu wa Tukuyu utamwelezea nini. Kwa desturi ya kule, ukikutana na mama mkwe njiani huendelei. Unatoka barabarani, unachuchumaa, unatazama pembeni, na yeye anajifunika kanga na kufanya hivyohivyo upande wake. Mnasalimiana kupitia mtu wa tatu. Halafu kuna suala la mapaja. Miaka yote ya ndoa, mama yake Riziki hakuwahi kuona hata goti la Idrisa, na Idrisa alikuwa radhi afe kabla hajaliona.

Riziki ndiye aliyetafuta njia. "Mama hatakuwapo," akasema. "Wanapuliza salfa kwenye mikorosho siku hizo, nitamwambia ashinde shambani. Na wewe chukua msuli. Ukikaribia nyumbani ujifunge. Akikuona mjomba au nani, angalau una nguo."

Asubuhi ya mbio, basi, Idrisa alisimama uwanjani na namba kifuani na msuli wa bluu umekunjwa na kufungwa kiunoni kama mkanda wa mpiga zumari. Watu wa viatu vya rangi walimpita wakitazama.

"Hilo godoro ni la kulalia njiani?" Fredi akauliza.

"Wewe kimbia na zako."

Walipoachiwa, vijana walitoka kama kunguru waliotupiwa jiwe. Idrisa akajikumbusha mwendo wa Shangani, pole pole, pumzi kwa pumzi. Fredi alikaa ubavuni mwake kwa wema, akihadithia vilima vya kwao. Hewa ilikuwa ya baridi, mikorosho imechanua, na kila shamba walilopita lilikuwa na vumbi jeupe la salfa juu ya majani na ile harufu yake inayokwangua koo.

Kilima cha kwanza Idrisa alikipanda akishangaa. Hakujua kwamba mapaja yana nyama huku nyuma pia. Fredi akasema, "Hiki kwetu tungekiita uwanja." Kilima cha pili kilikuwa na kona tatu, na kila kona ilikuwa inadanganya: unaiona, unasema ndiyo mwisho, ukifika unaonyeshwa nyingine. Idrisa akawa anapiga hatua fupi kama mtu aliyevaa kanga ya kubana. Moyo ulikuwa unampiga masikioni. Hapo ndipo yalipomjia yale anayoyajua, yale yaliyomjia mbele ya tela, yaliyomjia kwenye lenta: si umejitahidi, inatosha, kaa. Yalikuja kwa sauti nzuri kabisa, kama ya mtu anayekutandikia kitanda. Akamfikiria Somoe akiitika lile jina bila hata kukasirika. Akaendelea.

Aliyesimama ni Fredi. Msuli wa mguu ulimkaza katikati ya kona ya tatu, akashika mti, akakunja uso.

"Endelea, Idrisa. Nitakufuata."

"Kwenu vilima hivi vinaitwaje vile?"

"Nenda zako."

Nyuma kabisa, kwa mbali, palisikika pikapu iliyokuwa ikifuata wakimbiaji wa mwisho. Ilikuwa na benchi nyuma na turubai la kivuli, na kipaza sauti juu. Utaratibu ulitangazwa asubuhi: ikikupita, umetoka mashindanoni, unapanda.

Mwagachumvi ilianza bila kubisha hodi. Idrisa alipanda akitazama vidole vyake vya miguu, maana kila alipotazama juu, juu paliongezeka. Alipanda akiwaomba radhi bibi zetu wote waliopita pale na chumvi kichwani, kwa yote aliyowahi kusema juu ya wanawake na mizigo. Alipoona paa la kwanza la ukweni alijificha nyuma ya mkorosho, akafungua ule msuli, akajifunga vizuri mpaka chini ya magoti, akapangusa uso, akatokeza barabarani kwa adabu, mbio za mtu anayekwenda msibani.

Akaiona meza ya maji. Juu yake ndoo mbili na vikombe vya plastiki. Pembeni, kwenye kigoda, Bi Mwanakombo na sufuria la ming'oko iliyochemshwa, vile viazi pori vya kule. Na nyuma ya meza, kata mkononi, amesimama kama bendera, mama yake Riziki.

Walionana. Hapakuwa na namna. Kata ilianguka ndooni, kanga ikapanda kichwani, na mama wa watu akavuka mtaro upande wa kulia, akachuchumaa, akawapa mgongo. Wakati huohuo Idrisa alivuka mtaro upande wa kushoto, akachuchumaa chini ya mkorosho, akatazama shina. Barabara ikabaki tupu, na meza katikati, na bibi kwenye kigoda.

Bi Mwanakombo alitazama kushoto. Akatazama kulia. Akachukua mng'oko mmoja, akaumenya taratibu.

"Bibi," Idrisa akasema akiongea na mkorosho, huku akihema, "nisalimie mama. Mwambie shikamoo."

Bibi akageuza shingo. "Mama Riziki, mkweo anakuamkia. Anasema na maji yako yananuka moshi."

"Sijasema hivyo, bibi."

"Anasema hajasema hivyo, ila ndivyo yalivyo."

Halafu sauti ikatoka ndani ya kanga, "Mwambie marahaba. Kuni zilikuwa mbichi."

"Anasema marahaba. Na kama hutaki maji ya moshi, ungekuja na mtungi wako."

"Mama," ile sauti ikasema, "usiniongezee maneno."

"Mimi nabeba tu. Mzigo ukiwa mdogo unaongezea ili usidondoke." Akamenya mwingine. "Lakini, mume wangu, umetushangaza. Mwanangu huyu aliambiwa ashinde shambani kwa ajili yako. Mwenyekiti wa kijiji alipokuja kumwomba asimamie maji, maana hapa kijijini hakuna anayechemsha maji kama yeye, nilimuuliza, je, mkweo? Akanijibu, mama, nitagawa maji kwa raha zangu, yule ataishia kilima cha pili."

Upande wa kulia kanga ilitikisika lakini haikukanusha.

Idrisa alilisikia hilo likimshuka taratibu. Bibi akimcheka, ni bibi. Lakini huyu, ambaye hakuwahi kumtania hata siku moja, ambaye kila Idi humtumia korosho za kubangua zilizochambuliwa moja moja, naye alikuwa ameshayapigia hesabu maji yake bila yeye kuwamo. Wala hakukosea kwa mtu anayemjua.

Sasa tazama fundo lilivyokuwa. Aliye safarini ndiye huondoka kwanza, lakini huondoka akishapewa ruhusa. Ruhusa hutolewa mgeni akishapewa maji. Maji yako mezani, na mwenye kuyagawa kageuka, na hawezi kugeukia huku mpaka mgeni aondoke. Bibi angeweza kuchota, lakini alipoombwa alisema mwenyekiti hakumteua. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo Idrisa hakumwambia mtu: alipojaribu kuyainua magoti yake, yalikuwa yamekwisha kukubaliana kwamba hapa ndipo nyumbani.

Fredi akafika akichechemea. Akasimama mbele ya meza, akatazama mtaro huu, akatazama mtaro ule.

"Maji anatoa nani?"

"Mwenye maji ni yule pale," bibi akasema. "Aliyegeuka."

"Wamegombana?"

"Hapana, baba. Wanaheshimiana."

Fredi akakaa chini barabarani, akashika mguu wake, akasema mbio zake zimeishia hapo na yeyote atakayemletea kikombe atakwenda peponi. Nyuma yake, pikapu ikatokeza kwenye mwinamo ikinguruma. Kipaza sauti kikakohoa. "Mshiriki uliyekaa chini ya mkorosho. Sisi ndio wa mwisho. Tunapita. Panda gari."

"Panda, mume wangu," bibi akasema. "Lina turubai."

Idrisa akaweka viganja chini, akasukuma. Mguu mmoja ukakubali, mwingine ukamrudisha. Akasukuma tena. Ile sauti nzuri ikaja, ya kutandika kitanda, na mara hii ilikuwa na benchi na kivuli. Dereva akakanyaga mafuta kidogo, bila ubaya, kama mtu anayesafisha koo. Alikuwa amebakiza urefu wa mtumbwi kuufikia mkorosho.

"Baba dereva."

Si bibi aliyesema. Ni sauti ya kwenye kanga, imepandishwa ili ifike, na mgongo bado umegeuka.

"Naam, mama."

"Toka asubuhi mmekunywa maji wapi?"

"Bado, mama, tuko kazini."

"Na sisi tuko kazini, tumeteuliwa. Hapa hapiti mtu na koo kavu, ije isemwe kijiji hiki kilinyima wageni maji. Zima gari."

"Mama, ratiba yetu..."

"Kuna na ming'oko. Ya chumvi na pilipili."

Dereva akamtazama mwenziwe mwenye kipaza sauti. Gari likazimwa.

"Haya," mama mkwe akasema. "Sasa ili niwamiminie lazima niinuke, na siwezi kuinuka huyo akiwa pale. Mwambieni Idrisa ainuke aende. Nimempa ruhusa. Na wageni hawa nitawalisha vizuri, kwa utaratibu, mmoja mmoja."

Miaka yote alikuwa akimwita Baba Somoe, au yule. Idrisa alilisikia jina lake likivuka barabara kama kitu chake kilichopotea ambacho mtu amekiokota na kukipangusa. Sijui ni jina, sijui ni mkorosho alioukumbatia, lakini alijikuta amesimama. Bi Mwanakombo alimwangalia akitetemeka pale kwenye msuli wake, na hata utani una mahali unapotua mzigo: akajikongoja kutoka kigodani, akachota kikombe, akamshikisha.

"Kunywa. Na moshi wake."

Akanywa, akatoa shukrani akilitazama shina la mkorosho, akaondoka.

Kuvua msuli kulishindikana. Nyumba zote za mteremko ule zilikuwa za mashangazi na wajomba wa Riziki, na wote walikuwa wametoka kutazama. Akashuka nao, ameushika pindo kwa mkono mmoja kama mwanamke anayevuka dimbwi, huku watoto wakimfuata na wazee wakimwitikia shikamoo zake kwa zamu. Chini, kwenye majaruba, jua lilikuwa limeshakuwa kali na harufu ya tope la mikoko imesimama hewani. Hapakuwa na mtu mbele wala nyuma. Alikuwa anakimbia mwendo ambao kuku angeweza kuongea naye njiani bila kuchoka. Lakini ulikuwa mwendo.

Nyumba za pwani zilipoanza kuonekana, ndipo aliposikia muungurumo. Pikapu. Ilimkaribia mpaka akahisi joto lake kwenye mashavu ya miguu.

"Nusu," sauti ya bibi ikaita kutoka nyuma ya gari. "Nafasi bado ipo."

Aligeuka mara moja tu. Kwenye benchi, chini ya turubai, alikuwa ameketi Fredi, mguu ameunyosha, na kando yake Bi Mwanakombo na sufuria lake mapajani, anajipepea kwa pindo la kanga kama bibi harusi. Dereva alikuwa ametoa ulimi nje kwa pilipili.

"Bibi ananiambia niharakishe," dereva akasema kwa kipaza sauti, kwa unyonge. "Halafu ananiambia nisimame ateremshe maganda. Mimi sijui, ndugu yangu. Wewe kimbia tu."

Idrisa akakimbia. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, imebaki kumbukumbu ya miguu. Uwanjani vijana walikuwa wamekwisha kuanza kung'oa kamba za lango la mwisho, upande mmoja umelala. Riziki akawaona wanavyofanya, akawaendea mikono kiunoni, na lolote alilowaambia, waliinua ule upande wakaushikilia juu kwa mikono yao. Somoe alikuwa amesimama katikati ya lango. Idrisa akamfikia, akapita naye, akaanguka magoti, halafu makalio, halafu mgongo.

Gari likaingia nyuma yake. Wale waliobaki uwanjani, watu wa bandarini na wa viatu vya rangi, wakasogea. Bi Mwanakombo aliteremshwa kama kitu cha kioo. Akatengeneza kanga, akakohoa, akasubiri watu wanyamaze, maana alipenda kusikilizwa.

"Mimi nilisema, akipakiwa kwenye gari, jina ni lake. Nani kaletwa na gari hapa?"

Watu wakaangaliana.

"Mimi hapa," bibi akasema. "Na kijana huyu mwenye vilima vyao. Basi Nusu ni mimi, na yeye ni msaidizi wangu. Huyu aliyelala hapa chini anaitwa Idrisa. Mnasikia nyinyi wa bandarini? Na mtoto huyu ni Somoe Idrisa, na mwalimu wake nitamtembelea."

Somoe alichuchumaa kando ya kichwa cha baba yake, akamtoa jani la mkorosho kwenye ndevu. "Somoe Idrisa," akajaribu kusema, kama anayejaribu kiatu. Riziki akageukia baharini kidogo.

Bibi akamsogelea, akamvuta zile ndevu kwa mapenzi, akampa mng'oko mmoja uliobaki.

"Idrisa mume wangu."

"Naam, bibi."

"Mama mkweo amenituma. Na hili sijaliongeza, Mungu shahidi. Anasema, kama watu wanamaliza vitu siku hizi, ile nyumba ya Chuno inaezekwa lini?"

Idrisa alitazama juu, pale wale vijana walipokuwa bado wameshikilia lango, mikono inawatetemeka.

"Mwambie shikamoo," akasema. "Mwambie nasimama kwanza."